Upofu wa watoto: surua imerudi nyuma, mtoto wa jicho amebaki

KATIKA miaka ya 1980, daktari aliyetaka kujua ni kitu gani kilichokuwa kikiwapofusha watoto wa Tanzania hakuhitaji kwenda mbali na wodi ya surua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987, uliowahusu watoto 130 waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho, ulionyesha kuwa asilimia 37 kati yao walikuwa wametoka kuugua surua. Wapo waliokuwa na upungufu wa vitamini A, na wapo ambao macho yao yaliunguzwa na dawa za kienyeji walizotiwa nyumbani kwa nia njema.

Mambo hayo matatu yalikuwa yakisaidiana. Surua humaliza akiba ya vitamini A mwilini, mtoto hushindwa kula, kioo cha jicho hukauka na kulainika. Jicho likishakuwa jekundu, ndipo jirani anapofika na majani yaliyotwangwa. Ndani ya siku chache jicho huweza kutoboka, na kovu linalobaki halifutiki.

Chanjo ya surua, pamoja na matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, vimelipunguza sana janga hilo. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kutoa chanjo ya surua iliyochanganywa na ya rubella, hatua ambayo kwa maoni yangu haikupata sifa inayoistahili. Kwa mtu mzima rubella ni homa na vipele vya siku chache tu. Ikimpata mama katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, mwanawe anaweza kuzaliwa kiziwi, mwenye kasoro ya moyo na mwenye ugonjwa wa mtoto wa jicho.

Kadiri makovu yanavyopungua, ndivyo ugonjwa huo wa mtoto wa jicho unavyojitokeza mbele. Na hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kuwa ni ugonjwa wa wazee unaoweza kusubiri. Mzee anaweza kusubiri miaka mitano, akapasuliwa na kuona. Mtoto hawezi. Ubongo wake hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha, na jicho lisiloleta picha iliyo wazi katika kipindi hicho huachwa. Mtoto aliyezaliwa na mboni nyeupe, akapasuliwa akiwa na miaka sita, anaweza kubaki na jicho safi lisiloona sawasawa.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu watoto wa Tanzania wenye ugonjwa huo ulithibitisha kuwa hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa mno. Ni rahisi kumlaumu mama, lakini mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuona kuwa mwanawe hafuati mwanga. Uamuzi wa kusafiri huwa wa baba au wa bibi. Katika zahanati anaweza kuambiwa asubiri mtoto akue. Upasuaji wenyewe huhitaji dawa ya usingizi na wataalamu wanaopatikana katika hospitali chache, kama KCMC mjini Moshi au CCBRT jijini Dar es Salaam. Kwa familia ya kijijini, nauli na siku za kulala ugenini ni gharama kubwa kuliko kisu.

Baada ya kisu huja miwani, inayopaswa kubadilishwa kadiri mtoto anavyokua, na inayovunjika kama kila kitu kilicho mikononi mwa watoto. Safari hizo za kurudi ndizo zinazosahaulika mipango inapoandikwa.

Mboni nyeupe inaweza pia kuwa dalili ya saratani ya jicho, na hapo kinachochelewa kuokolewa ni uhai. Watoto njiti nao, ambao sasa wanaokolewa kwa wingi zaidi, wako hatarini retina zao zisipochunguzwa katika wiki za mwanzo, hasa waliopewa oksijeni bila kudhibitiwa.

Kliniki tayari ipo. Mama humpeleka mtoto akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne, akapimwa uzito na kuchomwa sindano. Kumulika mboni zake kwa tochi, akiwa hapo hapo mezani, hakuchukui hata dakika moja.