Kwale yapimwa damu, lakini ni nani ataosha mguu?

WAKAZI wa Kwale wamezoea kuombwa damu. Miaka ya 1980, watafiti wa Wizara ya Afya wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani waliwachunguza wanafunzi wa Msambweni kuhusu kichocho. Kando ya kichocho kumekuwa na tafiti za matende, malaria na minyoo ya tumbo. Kuanzia 2014, watoto wenye homa wa Ukunda na Msambweni walipimwa virusi vya dengue na chikungunya katika mradi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ni sehemu chache za mashambani nchini Kenya ambazo zimeandikwa sana katika majarida ya kitabibu kama pwani hii ya kusini.

Matunda yake si haba. Mradi wa TUMIKIA, uliofanywa Kwale kati ya 2015 na 2017 na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, uliyagawa maeneo 120 katika makundi matatu. Palipotibiwa wanafunzi peke yao mara moja kwa mwaka, maambukizi ya minyoo ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipotibiwa kila mtu kijijini mara mbili kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 4.8. Maana yake ni wazi. Mama anayelima pekupeku na babu anayekaa uani hubeba minyoo sawa na mjukuu aliye darasani, ilhali mpango wa dawa za shuleni huwapita.

Kisha ukaja mradi wa BOHEMIA. Kwa miezi mitatu, kuanzia Oktoba 2023, wakazi wa sehemu za Kwale walipewa dawa ya ivamektini, ambayo humwua mbu anayefyonza damu ya mtu aliyeimeza. Matokeo yalichapishwa Julai 2025: maambukizi mapya ya malaria miongoni mwa watoto wa miaka mitano hadi 15 yalikuwa pungufu kwa asilimia 26 yakilinganishwa na ya waliopewa albendazoli.

Lakini wanakijiji waliwaeleza watafiti jambo jingine: kunguni walikuwa wamepungua mno. Kipimo kikuu kilikuwa malaria, kwa hivyo kunguni wakaingia kama habari ya pembeni. Kwa mama anayelala na watoto watatu kwenye kitanda kimoja cha kamba, huenda hiyo ndiyo iliyokuwa habari yenyewe.

Hapa ndipo suala la utafiti wa uuguzi linapozuka. Zahanati za Kenya kwa kawaida huendeshwa na wauguzi, na kwa mkazi wa Kinango au Lunga Lunga muuguzi ndiye serikali ya afya anayoijua. Muuguzi husikia habari za kunguni kabla ya profesa yeyote. Hata hivyo, katika tafiti kubwa aghalabu yeye hutakiwa kutekeleza: kuchukua sampuli, kujaza fomu, kusimamia vidonge. Swali lenyewe huwa limeshaulizwa kwingine.

Mfano ulio bayana zaidi ni matende. Kenya ilianza kugawa dawa za kuzuia ugonjwa huo kwa umma mwaka 2002 huko Kilifi, na Kwale ikafuata 2003, ingawa miaka mingine ugawaji haukufanyika. Shirika la Afya Duniani (WHO), lilipozindua mpango wa kuutokomeza mwaka 2000, liliuwekea nguzo mbili: kukomesha uenezaji, na kuwapunguzia mateso walioathirika tayari. Nguzo ya kwanza ina wafadhili wakubwa. Kampuni za GlaxoSmithKline, Merck na Eisai hutoa dawa bila malipo. Sabuni haina mfadhili.

Na mguu uliokwisha kuvimba hauhitaji kidonge tu. Ngozi hupasuka katikati ya vidole, bakteria huingia, na mgonjwa huangushwa na homa na maumivu makali yanayorudi mara kwa mara, kila mara yakiuacha mguu mzito zaidi. Tiba ni kuosha kwa sabuni na maji safi kila siku, kukausha, kupaka dawa penye vidonda, kuuinua mguu na kuuzoeza, na kuvaa viatu. Huo ni uuguzi mtupu, nao una ushahidi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa usafi wa mguu unahusiana na kupungua kwa mashambulizi hayo. Nchini Ethiopia, jaribio lililohusisha wagonjwa 696 wa aina nyingine ya matende, inayotokana na udongo, lilitoa matokeo ya mwelekeo huo huo mwaka 2018.

Lakini mwambie mwanamke wa Kinango aoshe mguu kila siku. Ukame ulioikumba Kenya kati ya 2020 na 2023 ulilibana sana eneo hilo, na hata katika miaka ya kawaida maji huko hufuatwa mbali. Anayebeba mtungi aghalabu ndiye huyo huyo mwenye mguu uliovimba. Je, ni lita ngapi zinazotosha? Maji ya silanga yachemshwe, au sabuni pekee inatosha? Mumewe mwenye mabusha, ambayo hutibiwa kwa upasuaji, huficha hali yake kwa muda gani kabla ya kufika hospitali ya Msambweni, na nauli anaipata wapi? Mwaka 1997, jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha utafiti kuhusu namna Waduruma wanavyouelewa uvimbe huo sugu. Ulikuwa mwanzo mwema, na ulistahili kufuatwa na mwingine wenye kipimo cha maji mkononi.

Vikwazo vipo. Muuguzi mmoja wa zahanati huzalisha, huchanja, hutoa dawa na kujaza madaftari. Hana saa ya kuandika pendekezo la utafiti, kutafuta idhini ya kamati ya maadili na kibali cha NACOSTI. Isitoshe, kuwaona wagonjwa kila siku hakumfanyi mtu mtafiti. Bila kundi la kulinganisha na bila hesabu makini, uzoefu waweza kupotosha. Ndiyo sababu ushirika na maabara hauepukiki, mradi muuguzi aketi mezani siku ya kupanga. Chuo cha KMTC kina tawi papo hapo Msambweni. Wanafunzi wake wangeweza kuwafuata wagonjwa wa matende kwa mwaka mmoja kwa gharama ambayo hoteli moja ya Diani huitumia kwa maua.

Serikali ya kaunti, iliyokabidhiwa huduma za afya mwaka 2013, itahitaji takwimu hizo itake isitake. Ili nchi ithibitishwe kuwa imetokomeza matende, kama Togo ilivyothibitishwa 2017 na Malawi 2020, WHO haitosheki na vipimo vya damu. Hudai idadi ya wenye miguu iliyovimba na wenye mabusha katika kila eneo lililoathirika, na vituo vinavyowahudumia. Kwa upande wa Kwale, orodha hiyo itaanzia katika daftari la muuguzi wa zahanati.