Mali Nyingi, Wazikaji Wachache

Wapo wazazi wasiotaka hadithi za Kizungu ziingie nyumbani, kwa kuchelea ulevi na uzinzi uliomo. Hofu yao ina haki. Lakini kitabu cha The Great Gatsby, alichokitunga F. Scott Fitzgerald wa Marekani mwaka 1925, huyataja maovu hayo na kuuonyesha mwisho wake. Kijana aliyekwisha baleghe, akikisoma pamoja na mkubwa wake, atapata faida.

Gatsby alizaliwa na wakulima maskini. Alipokuwa askari, mwaka 1917, alimpenda Daisy, binti wa watu wenye nacho. Akaenda vitani, na nyuma yake binti akaolewa na tajiri. Gatsby akaazimia kumrudisha kwa mali. Tangu 1920 hata 1933 sheria ya Marekani ilikataza biashara ya pombe. Yeye akatajirika kwa kuiuza kwa siri. Akanunua jumba karibu na New York, ng'ambo ya ghuba penye nyumba ya Daisy, akafanya karamu zilizojaa watu asiowajua, na huku anamtamani mke wa mtu.

Mwisho wake ulikuwaje? Daisy, akiliendesha gari la Gatsby, alimgonga mwanamke akafa. Gatsby akajitwika lawama, na mume wa marehemu akamwua kwa risasi. Daisy akaondoka na mumewe, asilete hata salamu. Maziko yalipofika, mbali na jirani anayesimulia hadithi, katika wageni wote wa karamuni alikuja mmoja tu.

Alikuja na baba yake mzee, aliyepata habari gazetini. Mkononi alikuwa na kitabu ambamo mwanawe, mwaka 1906, alijiandikia ratiba: kuamka saa kumi na mbili, kusoma, kuweka akiba, kuwazidishia wazazi wema. Mwalimu gani asingemtaka mwanafunzi kama huyo?

Hapo ndipo penye ibra. Bidii yake haikuwa na aibu, kwani dini yetu haikatazi chumo la halali wala mapenzi ya ndoa. Kilichopotoka ni kibla cha bidii ile. Surat Takathur yatuonya juu ya kushindania wingi mpaka makaburini.

Wala tusimcheke Mmarekani yule. Kijana wetu anayerudishiwa posa kwa uchache wa mali hufundishwa somo lile lile. Basi, enyi wazazi, tumwulizapo mposaji ana nini, tumwulize pia amekipataje.