Kubana faili kusile mtaji

BIASHARA ya muziki wa kompyuta ina madaraja yake, kama pamba inavyogawanywa kuwa safi na fifi. Kipimo ni kilobiti kwa sekunde. Zikipungua, faili huwa jepesi na humfikia mteja upesi. Zikiongezeka, sauti huwa nzuri lakini gharama ya kuhifadhi na kusafirisha hupanda.

Wimbo wa dakika 4 kwenye sidii huchukua karibu megabaiti 42. Ukibanwa hadi kilobiti 128 hubaki megabaiti 4 hivi. Nafuu hiyo hupatikana kwa kutupa sauti ambazo sikio hazizipati kwa urahisi, kwa mfano sauti ndogo inayofunikwa na kubwa. Kilichotupwa hakirudi, hata faili likipandishwa daraja baadaye.

Hapo ndipo mfanyabiashara mdogo anapojikwaa. Hubana rekodi zake ili zisijaze diski, kisha hufuta zile za asili. Huko si kubana matumizi, ni kula mtaji.

Soko la Marekani limekwisha kutoa somo. Aprili 2003 kampuni ya Apple ilifungua duka la muziki katika intaneti, ikauza wimbo wa kilobiti 128 kwa senti 99 za dola. Mei 2007 nyimbo za kampuni ya EMI zilianza kuuzwa humo kwa kilobiti 256, bila kufuli ya kuzuia kunakili, kwa dola 1.29. Aliyekwisha kununua wimbo wa daraja la chini aliongeza senti 30 akapata wa juu. Kuondolewa kwa kufuli kulichangia bei hiyo. Hata hivyo, bila rekodi za asili ghalani, daraja jipya lisingekuwapo. Juni 2021 huduma ya Apple Music ilianza kutoa muziki usiopunguzwa sauti yoyote, bila nyongeza ya ada. Soko hupandisha kiwango, na asiye na asili hubaki nyuma.

Kwa hiyo daraja la faili la kuuza lifuate matumizi. Hotuba hutosheka na kilobiti 64 kwa chaneli moja. Muziki unastahili 192 hadi 256. Rekodi ya asili ihifadhiwe kwa muundo kama FLAC, ambao huweza kupunguza ukubwa hadi kukaribia nusu bila kutupa kitu, katika diski mbili zilizo mahali tofauti. Kila daraja jipya litolewe kwenye asili, kwani kubana kilichokwisha kubanwa huongeza hasara.

Aidha, anayetaka kuweka fedha katika studio au hazina ya nyimbo asiridhike na idadi. Aulize kwanza asili ziko wapi, kisha azisikilize kabla ya kutia saini. Nyimbo 1,000 zisizo na asili ni shehena ya fifi, na bei yake iwe ya fifi.