Bonde Likikauka, Kikapu Kitasukwa kwa Nini?

Wapo wasomi wanaodhani kwamba sanaa inayotokana na mazingira ni jambo jipya, lililobuniwa ng'ambo na kuletwa nchini pamoja na warsha zake. Kasumba hiyo ingekuwa ya kuchekesha tu, lau isingekuwa na madhara.

Katika nyanda za juu za Njombe, kutoka Makambako hadi Mlangali wilayani Ludewa, ardhi yenyewe ndiyo humpa fundi kazi yake. Milulu huota katika mabonde ya majimaji. Akina mama huikata, huikausha, huitia rangi, kisha huisuka kwa kubana hata unga usivuje. Na ukishuka hadi Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono mitupu, pasipo gurudumu, kwa udongo wa huko huko.

Sanaa hiyo haitundikwi ukutani. Ghala lake ni bonde, na bonde ndilo linaloangamizwa. Mikaratusi, mti mlafi wa maji kupita kiasi, imepandwa hadi kingoni mwa vijito, mahali pa milulu na pa vinyungu vinavyolisha familia wakati wa kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Mkaratusi unaosimama miaka kumi kama si shughuli ya kudumu, ni kitu gani?

Watetezi wa mikaratusi husema kwamba mbao na nguzo huleta fedha, na kwamba kikapu hakimpeleki mtoto shule. Fedha ni kweli, na hakuna anayemkataza mwananchi kupanda miti. Vilima vipo tele! Lakini mwenye shamba la miti huuza mara moja baada ya miaka mingi, na aghalabu ni mwanamume. Msusi huuza kikapu mwezi huu na mwingine mwezi ujao, na fedha huingia mkononi mwake mwenyewe. Hesabu hiyo haifanywi, kwa sababu bonde huachiwa Afisa Misitu peke yake, kana kwamba Afisa Utamaduni kazi yake ni ngoma za sherehe.

Serikali za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu Sheria Namba 7 ya mwaka 1982. Ziutumie kuyatenga mabonde ya milulu, na wasusi waitwe kikaoni kuonyesha mipaka yake, kabla mvua za Novemba hazijaanza na miche haijashuka tena bondeni.