Mbwa humpenda anayekesha naye

Ukisema mbele ya watu wa mji wetu wa Wang'uru, Mwea, kwamba mbwa wako anakupenda, jitayarishe kuchekwa. Hapa mbwa ni mfanyakazi. Maghala ya mchele yana mbwa wao, na langoni kumetundikwa kibao cha bati chenye maandishi mekundu: MBWA KALI. Majirani zangu wa biashara husema mbwa hajui mapenzi, anajua sufuria. Acha kumlisha uone kama atakutambua. Wengine huongezea methali: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe.

Mimi nauza mchele wa pishori, na nina sababu za kuwabishia. Hata hivyo, wale wanaoapa kwamba mbwa humpenda mwenye mbwa nao hawajanishawishi. Nionavyo mimi, mbwa anapenda, tena kwa dhati, ila mapenzi yake hayajali nani alitoa pesa wala nani analeta chakula. Yanamwendea anayekaa naye.

Wetu anaitwa Simba, kama mbwa wengi wa Mwea. Nilimnunua mimi. Chakula chake napika mimi: chenga zinazobaki mpunga ukishakobolewa, na mifupa ya bucha. Humpelekea kwa mkono wangu jioni nikishafunga hesabu. Simba hunitikisia mkia, hula, hulamba sufuria mpaka inagonga ukuta. Kisha, ndevu zingali na punje za wali, hurudi kwa soja wetu wa usiku na kumwekea kidevu juu ya gambuti.

Soja huyo ni mzee, na sote tunamwita Guka. Hamlishi mbwa. Chai na mkate wake hula peke yake, na Simba hamwombi. Anachompa ni usiku wake. Wanazunguka ghala pamoja, wanasikiliza vyura wa mashambani pamoja, na mvua ikinyesha wanabanana chini ya ukingo mmoja wa paa. Guka humsimulia habari za wajukuu wake. Jioni, kabla sisi hatujasikia lolote, Simba huwa ameshasimama langoni, na baiskeli ya Guka bado iko mbali kwenye njia ya mfereji.

Msimu wa mavuno uliopita, malaria ilimlaza Guka. Kijana aliyeshika zamu yake alikuwa mkarimu, hata akamnunulia Simba mutura. Simba aliula mutura, sitamsingizia utakatifu, kisha akaenda kujilaza langoni, pua ikielekea njia ya mfereji. Chenga zangu zikaanza kubaki, kuku wakazimaliza. Nilipompigia Guka simu kumjulia hali, alitangulia yeye kuuliza: "Mama, Simba anakula?" Nikamwambia anakula nusu nusu. "Basi mwambie narudi."

Mbishi atasema hayo ni mazoea tu. Ubishi huo ni wa zamani na haukuanzia Mwea. Profesa Hidesaburo Ueno wa Tokyo alifariki Mei 1925, na mbwa wake, Hachiko, akaendelea kwenda kumngoja katika stesheni ya Shibuya hadi alipokufa mwenyewe Machi 1935. Huko nako walikuwapo waliosema anafuata mishikaki ya kuku ya wachuuzi. Huenda aliila. Lakini kula njiani hakufuti safari.

Watafiti nao wameupima ubishi huu. Katika Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, Gregory Berns na wenzake waliwafunza mbwa kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, bila dawa ya usingizi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2016, walilinganisha mbwa anapotarajia kipande cha soseji na anapotarajia kusifiwa na mtu wake. Kwa wengi wao, sehemu ya ubongo inayochangamkia mambo mazuri ilichangamkia sifa sawa na soseji au kuizidi. Wapenda soseji walikuwa wachache. Mwaka mmoja kabla, Miho Nagasawa na wenzake wa Japani walionyesha kwamba mbwa na mtu wake wakitazamana kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Ni homoni ile ile inayofanya kazi mama anaponyonyesha. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha hali hiyo.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Hungaria. Mwaka 2001, Márta Gácsi na wenzake walichukua mbwa wa vituo vya kuhifadhi mbwa wasio na watu, wakawapa mtu wa kukaa nao dakika 10, mara 3. Baada ya hapo mbwa hao walimtafuta mtu huyo na kumfuata mlangoni kuliko walivyomjali mgeni mwingine. Hakuna aliyewanunua, hakuna aliyewaahidi nyumba. Walipewa nusu saa ya kushughulikiwa, wakaipokea kwa moyo wote.

Najua hapo wenye mbwa watakunja uso. Mapenzi yanayopatikana kwa nusu saa ni mapenzi gani, na si hata mwizi angeyapata akikaa hapo vya kutosha? Angeyapata, ndiyo. Mtoto mchanga naye hasomi cheti cha kuzaliwa. Humlilia anayembeba, awe mama, nyanya au yaya, na hatujawahi kusema kwamba kwa sababu hiyo mtoto hapendi. Tumezoea mapenzi ya mahari na mashahidi, ndiyo maana yanayokuja bila masharti tunayashuku.

Haya si maneno ya kupitishia jioni tu. Desturi ya wengi hapa ni kumfungia mbwa katika kibanda cha mabati kutwa nzima na kumfungulia usiku, ati ndipo awe mkali. Mkali anakuwa kweli, kwa kila mtu, wewe ukiwemo. Hasara yake huonekana siku ya chanjo. Tangu 2014 Kenya ina mpango wa kutokomeza vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na ili ugonjwa ukatike inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Kudunga sindano ni kazi ya nukta chache. Kazi ni kumshika mbwa. Nimeona wanaume wazima wakija kwenye chanjo mikono mitupu, wakieleza kwamba "yule wangu hashikiki". Nyuma yao akaja mtoto wa shule na mbwa wake kwa kamba ya katani, akampigia magoti, akamkumbatia shingo na kumnong'oneza mpaka daktari akamaliza. Simba wetu alishikwa na Guka, aliyekuwa ametoka zamu na hajalala. Mimi nilibeba kadi ya chanjo.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mbwa wako anapenda mtu, usimpime kwa mfupa. Angalia ni nani bomani anayeweza kumshika shingo sindano ikiingia. Mtu huyo, ukimwachisha kazi, jua umewaachisha wawili. Na kama hayupo hata mmoja, anza leo kukaa naye, maana kwa sasa huna mbwa. Una kengele yenye meno, na siku ikiingiwa na kichaa haitachagua wa kumuuma.