Nyasi Chini ya Mwembe? Acheni, Jameni

Kuna vita watu wa Pwani wanapigana kila mwaka na kila mwaka wanashindwa: kupanda nyasi chini ya mwembe. Ukiangalia ni kipara tu, vumbi na majani makavu, alafu mwenye nyumba anaita fundi wa bustani aje atandaze nyasi upya. Pesa inaenda, maji ya mkokoteni yanaenda. Nyasi inataka jua, na mizizi ya mwembe inanyonya maji kabla mmea mwingine haujayaonja. Hapo utashindanaje?

Mimi nasema panda kitu kinachopenda kivuli, ukae nacho miaka. Na hakitoki mbali.

Chukua ZZ, ule mmea wa majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, unaowekwa mapokezi ya hoteli. Watu wanadhani ni wa Ulaya. Ni wetu! Unamea wenyewe kwenye misitu ya Pwani, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, ukawa mmea wa ofisi wa dunia nzima, na sisi tukaanza kuulipia bei ya mgeni. Aki hiyo inaniuma. Chini ya udongo uko na viazi vinavyoweka maji, ndiyo maana kiangazi cha Januari mpaka Machi hakiutishi. Unakua polepole, sitakudanganya, na utomvu wake unawasha, kwa hivyo mtoto asiutafune.

Ukitaka rangi kuna Impatiens walleriana, ile ya maua ya waridi, mekundu na meupe. Pia ni ya Afrika Mashariki. Lakini hii usiiweke chini ya mwembe, iweke kwa kivuli cha ukuta karibu na bomba. Ikikosa maji siku moja tu inalegea kama mtu aliyenyimwa chai.

Sasa najua kuna mtu tayari ameshika jembe anaelekea msituni. Rudi! Kuna ua dogo la zambarau, Saintpaulia, ambalo Wajerumani walilipa jina 1893 kwa heshima ya afisa wa kikoloni aliyelituma kwao kutoka Usambara. Leo linauzwa kwa vikopo duniani kote, na hapa Kilifi aina yake inayomea kwenye miamba iko karibu kuisha. Tukianza kung'oa ZZ msituni tutafika hapo hapo.

Na hakuna haja. Chomoa kijani kimoja cha ZZ, kichomeke upande wa kikonyo kwenye udongo wenye mchanga, unyevu kidogo tu, uweke kivulini. Baada ya miezi kadhaa kitatengeneza kiazi chake. Tawi moja liko na vijani zaidi ya kumi, kwa hivyo ukiona jirani anapogoa, omba hilo analotupa.