Farasi wana mzani, bamama yetu hawana

Kule Ulaya, mtu akitaka kwenda vakansi ya kupanda farasi, wanamuuliza jina, wanamuuliza kama alishapanda farasi mbele, kisha wanamuuliza kilo zake. Si kwa kumchekelea. Wenye farasi wengi wanaweka mpaka karibu kilo 90 ao 95, na anayepita hapo wanamwambia kwa adabu kwamba farasi wa kumbeba hayuko. Hesabu yao ni nyepesi: farasi asibebe zaidi ya sehemu moja juu ya tano ya uzito wake, na kiti cha ngozi kinahesabiwa ndani. Farasi wa kilo 500, mzigo wake unaishia kwa kilo 100.

Tunajua wengi watacheka. Sisi wa Kasha na farasi, wapi na wapi? Farasi tunamuona kwa televizyo. Lakini batoto yetu walioko Ubelgiji na Ufaransa wanatutumia picha za vakansi hizo kwa WhatsApp, na tunaziangalia sana. Pale Camargue, kusini mwa Ufaransa, watu wanalipa ili wapite polepole ndani ya matope na maji ya chumvi juu ya farasi weupe. Kenya, huko Maasai Mara, watalii wanatembea siku nyingi juu ya farasi katikati ya twiga na punda milia, usiku wanalala kwenye hema. Ukichunguza vizuri, wanacholipia ni kitu sisi tuko nacho bure: njia ya kijijini, kilima, mvua, harufu ya majani. Njia ya namna hiyo tunaipanda kila siku kwenda Ciriri, na hakuna aliyetuambia kwamba ni vakansi.

Hatuna wivu nao. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima akitaka kutumia makuta yake juu ya farasi, ni haki yake. Kitu kilichotushika ni ule mzani.

Juu hapa kwetu mgongo unaobeba ni wa mtu, na haikuanza leo. Farasi walioletwa katika nchi hizi waliuawa na ugonjwa wa mbung'o na tauni ya farasi. Njo maana misafara ya karne ya 19, ya pembe za tembo na ya bazungu, ilitembea kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Wakati wa Mbelgiji, mkubwa wa serikali akienda kutembelea vijiji alikaa kwenye tipoi, watu wakamweka begani kama jeneza la mtu mzima wa afya. Mwaka 1916, jeshi la Mbelgiji likienda kukamata Tabora, risasi na vyakula vilibebwa na wapagazi, na wengi wao hawakurudi. Babu zetu ndio walikuwa farasi, tuseme wazi.

Sasa angalieni jambo hili. Mpagazi wa misafara ile ya zamani, mzigo wake wa kawaida ulikuwa karibu frasila mbili, ni kusema kilo 30 na kidogo. Leo mama anayepandisha sako kutoka soko la Kadutu mpaka huku kwetu, kamba kwenye paji la uso, mtoto wakati mwingine kifuani, anabeba ngapi? Sako moja la simenti ni kilo 50. Tumeona mama mwembamba, naye pengine hafiki kilo 55, akipanda nalo mvua inanyesha, akishika udongo kwa vidole vya miguu. Farasi anabeba moja juu ya tano. Mama huyu anabeba karibu tano juu ya tano, na hana kiatu.

Kwenye kare ni vilevile, na hapa tunaongea na ninyi wenyewe mnaojua. Kule Bisie, Walikale, zamani za kasiterite, vijana walitoka msituni na kilo 50 mgongoni, siku nzima na zaidi ya mwendo, kwenye matope ya magoti. Vijiji vingi vya Shabunda mpaka leo chumvi, sabuni na mafuta vinafika kwa miguu ya watu. Kamituga, mawe yanatoka shimoni kwenda kwa bamama wa kutwanga juu ya migongo, na migongo mingi kati ya hiyo ni ya wanawake pia. Mimba zinazoharibika, uzazi unaoshuka, kiuno kisichonyooka tena kabla ya miaka 40: familia gani ya mchimbaji haina mtu wa namna hiyo? Tunaita uchovu. Wakati mwingine tunaita ulozi.

Mtu atatuambia: ninyi mnaongea vizuri, lakini mama analipwa kwa kilo. Mkimpunguzia kilo, mmempunguzia chakula cha batoto. Neno hilo ni la kweli, na wanaolisema mara nyingi ni bamama wenyewe. Hatuwezi kulipita hivi hivi.

Lakini turudi kidogo kwa yule farasi. Bei yake haipandi na kilo za mtalii. Mtu wa kilo 50 na mtu wa kilo 90 wanalipa siku ileile, bei ileile. Mwenye farasi hawezi kupata faida kwa kumpakia zaidi, njo sababu hana haja ya kumpakia zaidi. Kwetu ni kinyume: bei ya kilo ndiyo inayomsukuma mama kuongeza kilo kumi juu ya zile ambazo mwili umekubali, na mwenye mali anafurahi juu safari tatu zimekuwa mbili. Kama bei ingekuwa ya safari, na safari iwe na mpaka wa kilo unaojulikana, mwenye mali angelipa safari tatu. Angenung'unika. Angelipa, juu mawe hayatoki shimoni yenyewe.

Na msituambie haiwezekani kwa mtu mweusi anayebeba mgongoni. Kwenye mlima Kilimanjaro, Watanzania, watu wa Kiswahili kama sisi, wanabeba hema, majiko na vyakula vya watalii mpaka karibu na barafu. Sheria ya hifadhi ile inasema mzigo wa kampuni usipite kilo 20 kwa mpagazi mmoja, bila kuhesabu nguo na vitu vyake mwenyewe, na kwenye geti mizigo inapimwa. Hatusemi kule ni mbinguni, wajanja hawakosekani. Lakini mzani uko, namba iko, na mpagazi anaweza kuionyesha kidole. Hata dunia nzima ilishakaa juu ya neno hili: mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mkataba wa uzito wa mizigo, na katika mashauri yaliyofuatana nao likasema mwanamume mzima kupita kilo 55 ni lazima hatua zichukuliwe za kumpunguzia, na mwanamke abebe kidogo kuliko hapo kwa wazi. Mwenye mimba, wanasema, asipewe kazi hiyo ikiwa daktari anaona itamuumiza. Miaka imepita mingi.

Wengine wanatuletea habari ya chukudu. Tunaiheshimu chukudu, Goma wameijengea mpaka sanamu, na wana haki. Lakini chukudu inataka njia, na miteremko ya Kasha ikilowa hata mbuzi anafikiri mara mbili. Salongo ya kutengeneza vijia vya kupandia, ngazi za mawe pale panapoteleza, hiyo tungeweza kuifanya sisi wenyewe bila kungojea mtu. Ni kazi ya siku chache kwa kila avenue. Sehemu ya mizigo ingepata gurudumu.

Kwa upande wa kare, tunaongea na PDG wa mashimo na komite za kooperative. Hatuwaombi kununua kitu. Mzani uko tayari. Uko pale kwa negosian, umefungwa vizuri, umesafishwa kuliko meza ya kulia, unapima dhahabu mpaka sehemu ndogo za gramu na kasiterite mpaka kilo ya mwisho. Kila kitu kinachotoka kilimani kinapimwa, isipokuwa mzigo wakati uko bado mgongoni mwa mtu. Huo wa kilo ndio tunaomba siku mbili kwa wiki usogezwe mpaka mdomo wa shimo, namba iandikwe kwa ubao, kilo 25 kwa mama, kilo 40 kwa kijana, na bei iwe ya safari. Anayeona namba hizi ni mbaya alete zake, tutazitia katika ukurasa huu. Asilete tu jibu la kwamba bamama wamezoea.